Kabati la Vioo na Nusu Duara

Makumbusho ya Taifa ya Gitega yalianzishwa mwaka 1955, Burundi ikiwa bado chini ya Wabelgiji, na umri huo unasomeka katika mpangilio wake kabla hujasoma kibandiko chochote. Ukumbi ni mmoja. Vikapu viko na vikapu, vyungu na vyungu, mikuki na mikuki. Huo ni mpangilio wa mkusanyaji, si wa mwenye nyumba. Nyumbani chungu hukaa karibu na mafiga na kikapu hukaa na nafaka. Kabatini ujirani huo umevunjwa, kila kitu kimepangwa na wanaofanana nacho. Mgeni hutoka akijua kutofautisha mifuniko, ila hajui nani alimpelekea nani kikapu kile, wala kwa shughuli gani.

Hata hivyo udogo wa ukumbi una fadhila zake. Katika majumba makubwa ya Ulaya miguu huchoka na macho huacha kuona. Hapa unaweza kukaa na kikapu kimoja robo saa nzima. Fuata uzi mweusi wa agaseke, kikapu chenye mfuniko: unapanda kwa mshazari, unavunjika, unapanda tena, hadi kwenye ncha ya mfuniko uliochongoka. Msusi hana pa kufutia. Akikosea hesabu kitakoni, kosa humfuata hadi kileleni.

Nje ya ukumbi kuna mpangilio mwingine: Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme, iko kilomita 7 hivi kaskazini mwa mji wa Gitega. Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo ndiye aliyeianzisha baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi. Wapigaji huingia ngoma zikiwa vichwani, wanazipiga huku wanatembea, kisha huzitua nusu duara, ngoma kuu, inkiranya, ikiwa katikati. Ngoma za amashakwe hushikilia mdundo usioyumba. Zile za ibishikizo humfuata aliyeshika inkiranya. Na huyo hakai sana: huruka, hucheza, hupiga, humpisha mwenzake. Katikati ni mahali pa kupokezana, hapana mwenyewe. Mwishoni ngoma hurudi vichwani na kundi huondoka likipiga. Ondoa chungu kimoja kabatini, ukumbi hautajua. Nyamazisha amashakwe, na inkiranya inabaki kelele tu.

Nusu duara hiyo ina upande ulio wazi. Zamani ulikuwa wa mwami. Leo husimama hapo mtalii aliyelipa, simu mkononi. Umbo halikujikunyata kumpokea. Linamwimbia kana kwamba ana ufalme, jambo ambalo kwangu linatukuza ngoma na kumfanyia mtalii mzaha kidogo.

Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma hii katika orodha ya urithi usioshikika. Mwaka 2017 ikaja amri ya rais: wanawake wasiipige, na maonyesho nje ya sherehe rasmi yaombewe kibali. Vikundi vya wanawake vilikuwepo, vikipiga. Naona amri hiyo imelifanyia umbo kile kile kioo kilichokifanyia chungu: imelitenga ili lihifadhiwe, na katika kulitenga imeziba kupokezana, yaani kitu chenyewe kilicholiendesha.

Muyinga, kaskazini mashariki, hunisaidia kuyasoma yote mawili, kabati na nusu duara. Huko nasoma mji: barabara iendayo Kobero, mpakani na Tanzania, misikiti, soko, Kiswahili na Kirundi vikigombea bei moja. Vikapu vimejaa maharage na vimesimama bega kwa bega na ndoo za plastiki, bila aibu. Jicho lililotoka Gitega hutaka kukagua msuko. Muuzaji anataka kujua unachukua kilo ngapi. Swali lake ni la kihakiki kuliko vibandiko vingi nilivyosoma. Makumbusho yangeliazima: kikapu hiki kilibeba nini, kilitoka kwa nani kwenda kwa nani, na nani alikisuka? Majibu yasipopatikana, angalau kibandiko kikiri kwamba hakuna aliyeuliza siku ya kukikusanya.