Tabaka Nyembamba Kuliko Karatasi

Gari ni BMW ya milango miwili yenye siti za ngozi rangi ya mdalasini. Lilishushwa Dar es Salaam likitokea Japani, likaingia Zambia kupitia mpaka wa Nakonde, likapita Kasama na Mansa, na sasa limeegeshwa chini ya mwembe hapa Nchelenge, hatua chache kutoka Ziwa Mweru. Mwenye gari anauza samaki. Kinachomkera ni ukingo wa kulia wa siti ya dereva. Gari la namna hii liko chini sana. Mtu hujiangusha ndani, na paja huburuza juu ya ukingo kila anapoingia na kila anapotoka. Mapaja ya miaka mingi yameacha weupe, nyufa, na tundu moja la ukubwa wa ukucha.

Fundi hagusi tundu. Anafungua buti, maana gari hili betri yake hukaa nyuma, anachomoa waya wa hasi, kisha anavuta kigoda na kukaa. Namuuliza tunasubiri nini.

"Umeme uishe, ndugu yangu. Ndani ya egemeo kuna puto."

Puto hilo ndilo linalomkinga dereva gari likigongwa ubavuni, na soketi yake ya njano haichomolewi kwa pupa. Robo saa inapita. Ndipo anapolegeza bolti nne, anatoa siti na kuilaza kwenye mkeka kivulini.

Kuosha peke yake kunamaliza asubuhi. Anatumia sabuni laini, povu bila maji mengi, na brashi ambayo nywele zake zimelainika kwa uzee. Anasugua eneo la kiganja kimoja, anafuta, anageuza kitambaa, anahamia jirani. Kitambaa kinatoka cheusi: vumbi la barabara, jasho, na mafuta ya kupikia ambayo mtu aliwahi kuipaka ngozi akidhani anailainisha. Imani hiyo ya kulisha ngozi ina wazee wake. Watengenezaji ngozi Connolly wa London, walioanza kazi mwaka 1878 na kuipelekea Ferrari ngozi kwa miaka mingi, walikuwa wakiuza hata krimu ya kuilisha. Lakini ngozi nyingi za magari ya leo zimepakwa rangi na kufunikwa laka. Mkono unapopapasa siti, unapapasa laka hiyo, na mafuta yanabaki juu yakishika vumbi la chisense, samaki wadogo wanaoanikwa ufukweni. Fundi ananionyesha ukingo uliopauka. Ngozi haijafa, anasema. Kilichokufa ni rangi.

Anafuta kwa spiriti, kisha anapitisha msasa namba 600, mwepesi kama anayemfuta mtoto uso, mpaka ncha za nyufa zilale. Sasa ndiyo zamu ya tundu. Anakata kipande cha kitambaa kikubwa kuliko tundu, anakiviringa, anakipitisha ndani kwa kibanio na kukikunjua chini ya ngozi bila kuipanua. Gundi anaifikisha kwa ncha ya kijiti. Anabonyeza, anahesabu kimoyomoyo, anaachia.

Juu ya kitambaa hicho anaweka pasta ya kujazia, kidogo sana, kwa kisu butu. Anaikausha kwa drayeri ya nywele, anapiga msasa, anaweka nyingine. Nimehesabu tabaka tano. Ningekuwa mimi ningejaza tundu kwa mara moja, na pasta ingenywea ikakauka, ikaacha shimo katikati.

Kidonda sasa kimejaa, lakini ni laini mno. Ngozi ina vinyweleo, pasta haina. Hapa ndipo nilipomwona fundi kwa macho mapya. Tangu asubuhi alikuwa amepaka silikoni nyuma ya egemeo, mahali pasipoguswa na mgongo wa mtu. Imekauka. Anaibandua, na upande wake wa chini umebeba alama ya kila kinyweleo. Anaweka tabaka la mwisho la pasta, anasubiri lianze kushika, anakandamiza silikoni juu yake na kuitoa polepole. Natafuta mpaka wa kiraka kwa kidole. Siupati.

Rangi anaichanganya kwa matone, akiilinganisha na ngozi iliyojificha chini ya kiegemeo cha kichwa, ambako jua halikufika. Anapaka kwenye kadi, anakausha, anaitazama kivulini, kisha anatoka nayo juani, maana rangi mbichi hudanganya. Tone moja jeusi linaongezwa, na kadi nyingine. Mara ya sita anatikisa kichwa kukubali. Anaigongagonga kwa sponji ili izame kwenye nyufa zilizobaki, halafu anapulizia vumbi la rangi mara tatu, kila mara nyembamba kuliko karatasi. Mwisho ni laka isiyong'aa, itakayopokea jasho na jua badala ya ngozi.

Mwenye gari anafika jioni. Anaambiwa siti haikaliwi mpaka kesho kutwa; na asipake mafuta, afute tu kwa kitambaa chenye unyevu. Ananyoosha mkono kuigusa, fundi anamsogezea beseni la maji na sabuni. Anapomaliza kunawa, fundi amekwisha kumimina rangi iliyobaki kwenye kichupa, na anaandika kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wa kusimama: njano matone 31, nyekundu 12, nyeusi 4.