Mizani ya Mshairi na Kipimo cha Simu

Kila utanzu una kipimo chake. Ubeti wa shairi la Kiswahili lililozoeleka una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane. Simu za mkononi nazo zimeleta vipimo vyake. Ujumbe mfupi wa maandishi, ambao wa kwanza ulipelekwa Uingereza mwaka 1992, una nafasi ya herufi 160. Twitter, iliyoanza mwaka 2006, ilitoa herufi 140. Kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba abanaye maneno yake ndani ya simu afanya kazi ile ile ya mshairi. Katika makala haya nakusudia kuupima usemi huo, kwani una ukweli, lakini ukweli wake haujatimia.

Ukweli wake ni kuwa ufinyu hufundisha. Jukwaa la Vine, lililofunguliwa mwaka 2013, liliruhusu picha za kutembea za sekunde 6 tu, na picha hizo zilijirudia zenyewe bila kukoma. Mafundi wake walijifunza kutunga kichekesho ambacho mwisho wake huzaa mwanzo wake. Hapana shaka hiyo ilikuwa sanaa. Lakini mwaka 2017 wenye jukwaa walilifunga, na ufundi ule ukakosa mahali pa kukaa. Mwaka huo huo Twitter iliongeza kipimo chake kuwa herufi 280. Na mwaka 2023, jina lilipogeuzwa kuwa X, walipao ada waliruhusiwa kuandika maelfu ya herufi. Waliokwisha kuumudu ufinyu wa kwanza hawakuulizwa.

Tazama sasa jambo hili lilivyolipata shairi. Ubeti mmoja una mizani 64, na mizani nyingi huandikwa kwa herufi mbili au tatu. Ukiongeza nafasi za kutenga maneno, ubeti hufurika katika herufi 140, lakini katika 280 hukaa kwa raha. Basi kwa miaka 11 mtunzi alilazimika kuukata ubeti vipande viwili, na msomaji aliweza kukiona cha kwanza asikione cha pili chenye kituo. Kisha ubeti ukaenea mzima, wala si kwa sababu mshairi alijirekebisha, bali kwa sababu mwenye nyumba alibomoa ukuta.

Hapo ndipo vipimo viwili hivi vinapoachana. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikaa katika vifua vya watu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua alimsaidia W. E. Taylor kuzikusanya, akiziandika kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1940 diwani yake ilitolewa na William Hichens kwa herufi za Kirumi. Chombo kilibadilika mara mbili, mizani haikubadilika, kwa maana makao yake ni sikio, wala hapana tajiri anayelimiliki sikio. Kwa hiyo naona kuwa ujumbe wa sauti, ulioingia katika WhatsApp mwaka 2013, unalifaa shairi kuliko nyongeza yoyote ya herufi: unalirudisha katika ghani.

Hata hivyo sikio peke yake halitoshi. Tungo za Muyaka zilihitaji mkono wa Sikujua. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kuwa imepoteza nyimbo zilizowekwa humo kwa muda wa miaka 12, katika kuhamisha shehena yake. Mashairi ya Kiswahili yatungwayo leo ndani ya simu yamo katika ghala za namna hiyo hiyo. Mshairi na aitumie simu apendavyo, ila kipimo akichukue kwa wazee wa fani, si kwa mwenye jukwaa. Nasi wanafunzi na walimu wa fasihi tuna kazi ya Sikujua: kuyakusanya kwa ridhaa ya watunzi, pamoja na majina na tarehe zao, na kuyatia katika karatasi, kabla ghala haijafungwa.