Homa kwa mgonjwa wa lukemia: mwongozo mzuri, ila umesahau mbu

Leo tunauchambua mwongozo ambao wengi wetu tumekutana nao darasani: ule wa Jumuiya ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Marekani (IDSA), toleo la 2010, kuhusu homa kwa mgonjwa wa saratani ambaye neutrofili zake zimeshuka. Neutrofili ni chembe nyeupe za damu zinazowahi kupambana na bakteria. Dawa za saratani zikizishusha chini ya 500 kwa kila mikrolita, mgonjwa anabaki bila mlinzi.

Sifa zake kwanza. Unatoa kipimo wazi cha homa: nyuzi joto 38.3 mara moja, au 38.0 kwa saa nzima. Halafu unataka antibiotiki zianze upesi, bila kungoja majibu ya maabara. Hapo sina ugomvi nao, maana bakteria wanaweza kumuua mgonjwa huyu ndani ya saa chache.

Shida ni kwamba uliandikwa kwa wodi zisizo na malaria. Hatua zake zinaanzia kwa bakteria, kisha fangasi na virusi. Ukiubandika ukutani Mwanza au Kampala ulivyo, utampita mgonjwa aliyeng'atwa na mbu, au aliyeongezewa damu yenye vimelea. Upungufu wa damu, chembe sahani kushuka, bandama kuvimba: lukemia inaleta yote hayo, na malaria pia. Kwa macho hutenganishi.

Lakini kuongeza tu mstari wa "pima malaria" hakutoshi. Kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya HRP2 kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha, kwa hiyo hadubini bado inahitajika. Na hata vimelea vikionekana, mgonjwa anaweza kuwa na bakteria vilevile. Kusimamisha antibiotiki eti kwa sababu "tumeshapata malaria" ni hatari. Dawa nazo ziangaliwe: dawa mseto ya ALu inaweza kugusa umeme wa moyo, na ondansetroni ya kuzuia kutapika pia.

Hukumu yangu: tuutumie, ila tuurekebishe. Damu ya malaria ichukuliwe pamoja na ile ya kuotesha bakteria, kwa sindano ileile, halafu antibiotiki zianze palepale. Tone moja la ziada halimcheleweshi mtu.