Uzuri na Ila za Mchoro Mmoja

Msomaji wangu, hesabu ni shahidi mkweli, lakini ni shahidi mwenye sauti ndogo. Jedwali lenye safu kumi za tarakimu laweza kubeba habari ya maisha na mauti ya maelfu ya watu, na bado macho yakalipita kama yapitavyo ukuta wa nyumba ya jirani. Ndiyo sababu watu wa elimu walibuni njia ya kuzichora hesabu, ili jicho lione mara moja jambo ambalo akili ingelitafuta kwa muda mrefu. Mwaka 1786 William Playfair, mzaliwa wa Uskochi, alichapisha kitabu cha michoro ya namna hiyo, na ndani yake ilikuwamo grafu ya nguzo iliyoonyesha biashara ya nchi yake na nchi nyingine. Leo michoro hiyo haikosekani katika magazeti, katika vitabu vya jiografia wala katika kuta za zahanati. Lakini kuenea kwa kitu si dalili ya kufahamika kwake. Mchoro wa takwimu una kanuni zake kama shairi lilivyo na vina na mizani, nao wastahili kuhakikiwa kama shairi lihakikiwavyo.

Nataka tuuhakiki mmoja ulio mashuhuri kuliko mingi, nao ni ule aliouchapisha Florence Nightingale mwaka 1858. Bibi huyu alikwenda Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, mwezi wa Novemba 1854, kuwauguza askari wa Uingereza waliokuwa wakipigana na Urusi katika vita vya Crimea. Watu wengi humkumbuka kwa taa aliyoishika usiku akipita kati ya vitanda vya wagonjwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba aliporudi kwao alishika kalamu na rula. Alikuwa na neno zito la kuwaambia wakubwa wa serikali: kwamba askari wengi hawakuuawa na adui, bali waliuawa na uchafu. Akijua kwamba wakubwa wengi hawana subira ya kusoma majedwali, aliwachorea.

Mchoro wenyewe ni wa maduara mawili. Kila duara limegawanywa vipande kumi na viwili, na kila kipande ni mwezi mmoja, ncha yake ikiwa katikati na upana wake ukifunguka kuelekea nje, hata jumla yake hufanana na ua lililochanua. Duara la kulia ni mwaka uliotangulia, yaani Aprili 1854 hata Machi 1855. La kushoto ni mwaka uliofuata. Rangi ni tatu. Buluu ni vifo vya maradhi yaliyoweza kuzuilika, kama vile kipindupindu na kuhara damu. Nyekundu ni vifo vya majeraha. Nyeusi ni vifo vya sababu nyingine zote.

Sasa litazame duara la kulia, katika kipande cha Januari 1855. Mwezi huo jeshi lilikuwa na askari 32,393. Waliokufa kwa maradhi hayo walikuwa 2,761. Waliokufa kwa majeraha walikuwa 83. Waliokufa kwa sababu nyinginezo walikuwa 324. Yaani kila askari mmoja aliyeuawa na risasi au upanga, thelathini na watatu waliuawa na maradhi. Lau kifo kingeendelea kwa kasi hiyo mwaka mzima, pasiletwe askari wapya, maradhi peke yake yangelimaliza jeshi lote. Buluu imetapakaa, na nyekundu imebaki ukanda mdogo karibu na kitovu. Hapo ndipo ulipo uzuri wa mchoro huu: una neno moja la kusema, nalo lasemwa kabla hujasoma maandishi yoyote.

Tena hakuna rangi iliyowekwa kwa pambo. Kila rangi ina maana moja, na maana hiyo haibadiliki kutoka duara moja hata jingine. Mwaka wa kwanza umetengwa na wa pili mwezi wa Machi 1855, nao ndio mwezi ambao tume ya usafi iliwasili Scutari na kuanza kusafisha mifereji, kuangalia maji na kuingiza hewa katika wodi. Kwa hiyo hata mahali pa kukata mwaka pamechaguliwa kwa hoja. Hii ni kanuni ya kwanza ninayotaka uishike: kabla ya kuchora, jiulize unataka kusema nini, kisha ukifute kila kisichosaidia kulisema.

Lakini hakuna kizuri kisicho na ila, na mhakiki asiyetaja ila ni msifu tu. Ila ya kwanza ni ya kipimo. Katika mchoro huu hesabu imewekwa katika eneo la kipande, wala si katika urefu wake. Jicho la binadamu ni hodari wa kulinganisha urefu, lakini ni goigoi katika kulinganisha maeneo. Chukua Januari ileile. Buluu ni mara thelathini na tatu ya nyekundu kwa eneo. Lakini kwa kuwa eneo hukua kwa mraba wa urefu, kipande cha buluu ni kirefu kupita cha nyekundu kwa kadiri ya mara sita tu. Mtazamaji wa haraka atapima urefu, naye ataona msiba mdogo kuliko ulivyokuwa. Lau zingechorwa nguzo, na nguzo ya majeraha ikapewa sentimita moja, ya maradhi ingekuwa ya sentimita thelathini na tatu, ikatoka nje ya daftari lako! Ni ajabu kwamba mchoro uliokusudiwa kupaza sauti, hapa umeipunguza.

Hata hivyo mpe haki yake. Katika michoro yake ya awali alipima kwa urefu wa mistari, na umbo lililopatikana likatia chumvi mno tofauti hizo, maana eneo lililofungwa na mistari lilikuwa kubwa kupita hesabu. Aliliona kosa hilo akalisahihisha kwa kutumia eneo. Kati ya kutia chumvi na kupunguza, alichagua njia ambayo asingeweza kushitakiwa kwa uongo.

Kwa nini nasisitiza jambo hili? Kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukosa. Nilipokuwa mwalimu mgeni, niliombwa kuchora grafu ya matokeo ya mtihani kwa siku ya wazazi. Darasa moja lilipata wastani wa alama 54, jingine 58. Ili kuokoa karatasi, nilianza mhimili wangu kwenye hamsini badala ya sifuri. Nguzo moja ikawa na sentimita nne, ya pili nane. Wazazi walipoingia waliona darasa moja limelishinda jingine mara mbili, na mwenzangu aliyelifundisha lile lililoshindwa alinung'unikiwa mbele ya wanafunzi wake. Sikuandika tarakimu hata moja isiyo kweli, lakini mchoro wangu ulisema uongo. Niliuchora upya jioni ileile. Lakini wazazi walikwisha kwenda zao, na neno likitoka halirudi. Kwa hiyo shika kanuni ya pili: nguzo sharti ianze kwenye sifuri, maana urefu wake ndio ushahidi wake.

Ila ya pili ya mchoro wa Nightingale ni kwamba rangi zake zimelaliana. Vipande vyote vya mwezi mmoja hupimwa kutoka kitovuni, hivyo kimoja huweza kukifunika kingine. Mwezi wa Novemba 1854, mwezi wa mapigano makali, ilimbidi apitishe mstari mweusi ndani ya nyekundu ili kuonyesha mpaka wa vifo vingine, kisha alieleze jambo hilo kwa maandishi pembeni. Mchoro unaohitaji ufafanuzi wa namna hiyo umemtwika msomaji mzigo uliokuwa wa mchoraji.

Jambo la tatu ni zito zaidi, nalo halihusu kalamu bali akili. Maduara yale mawili yatuambia: tazama kabla ya usafi, na tazama baada ya usafi. Lakini vifo vya maradhi vilikuwa vimekwisha kuanza kupungua kabla kazi ya tume haijaweza kuleta matunda. Kutoka 2,761 mwezi wa Januari vilishuka hata 2,120 mwezi wa Februari, na 1,205 mwezi wa Machi. Je, si majira ya baridi yaliyokuwa yakiondoka? Swali hilo ni la haki. Jibu lipo ndani ya takwimu zilezile, ukilinganisha baridi na baridi: Januari 1856, jeshi likiwa na askari 44,212, maradhi hayo yaliua 42 tu. Majira peke yake hayawezi kueleza tofauti hiyo. Lakini angalia: Januari hizo mbili zimo katika maduara mawili mbalimbali, na ni juu yako kuzitafuta na kuzilinganisha. Mchoro huonyesha kwamba jambo limebadilika. Sababu ya kubadilika ni juu ya msomaji kuipima.

Basi, kwa kuyapima yote mawili, nauhesabu mchoro huu kuwa kazi kubwa yenye makosa ya heshima. Kinga ni bora kuliko tiba, nao ulilitetea neno hilo mbele ya watu wenye uwezo wa kuokoa maisha. Nawe utakapopewa rula na penseli za rangi, usianze kwa kuuliza grafu ipi inapendeza. Uliza ni nani atakayeitazama, ataamua nini baada ya kuitazama, na ni nani atakayeumia iwapo ataona visivyo. Ukiyajibu maswali hayo kwa uaminifu, kuchora hakutakuwa kazi ngumu.