Ujasiri Usioahidi Ushindi: Tathmini ya "Journey to Jo'burg"

Vitabu vingi vya watoto vinavyosifu ujasiri hufuata njia moja: kijana anakabiliwa na hatari, anaushinda woga wake, adui anaanguka, na mambo yanatengenea. "Journey to Jo'burg", kilichotolewa mwaka 1985 na Beverley Naidoo, mzaliwa wa Johannesburg aliyeishi uhamishoni Uingereza, kinaianza njia hiyo na kuiacha kabla ya mwisho. Thamani yake imo katika kuiacha huko.

Naledi ana miaka 13, nduguye Tiro ana 9. Baba yao amekwisha kufa kwa ugonjwa wa kikohozi alioupata migodini. Mama yao ni mtumishi wa nyumbani Johannesburg, zaidi ya kilomita 300 kutoka kijijini. Dineo, mdogo wao mchanga, anapougua na fedha za daktari hakuna, watoto hao wanaondoka kwa miguu, bila kumwambia bibi yao, ili kumwita mama.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kukipimia kisa hiki. Ushujaa hutajwa zaidi penye vita, na husifiwa baada ya ushindi. Ujasiri ni kuthubutu kabla ya mwisho kujulikana. Naledi analo la pili. La kwanza amenyimwa na sheria za nchi yake. Anapomfikia mama, mwajiri anakataa mtumishi wake asiondoke hadi kesho yake, kwa kuwa jioni hiyo anamhitaji. Safari yote inasimama mbele ya neno moja la bimkubwa.

Dineo anapona, lakini hospitalini mama mwingine anampoteza mtoto wake. Daktari anaagiza maziwa, matunda na mboga, vitu ambavyo mshahara wa mtumishi hauvimudu. Ujasiri umemfikisha mgonjwa kwa daktari. Umaskini umebaki pale pale. Kilichobadilika ni fikra za Naledi. Ameona msako wa polisi wa kukagua pasi, amesikia habari za wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976, na sasa anaihoji shule inayomwandaa kuwa mtumishi. Si ajabu kwamba kitabu kilipigwa marufuku Afrika Kusini hadi mwaka 1991.

Kasoro zipo. Wasaidizi wanatokea kwa urahisi mno: kijana wa shamba la machungwa, dereva wa lori, kisha Grace wa Soweto, ambaye mara nyingine husema kama mwalimu darasani. Hata hivyo wasaidizi hao wana kazi yao, kwani mkono mmoja haulei mwana, na ujasiri wa mtoto hauendi mbali usipobebwa na wengine.

Wanafunzi wa Lubumbashi, mji uliozaliwa na migodi ya shaba, hawatahitaji maelezo marefu juu ya baba aliyemalizwa na mgodi. Kwa mwalimu, swali ni jingine. Hadithi inayoahidi kwamba jasiri hushinda daima humfundisha mtoto aliyeshindwa kujilaumu mwenyewe, hata pale anapozuiwa na sheria au njaa. Naidoo anamsifu mtoto kwa kuthubutu kwake, na lawama anaiacha kwa wanaostahili kuibeba.