Pasi Zilionekana, Ukuta Haukuonekana

Tarehe 22 Aprili 2023 mashabiki 47,277 walijaza uwanja wa Folsom Field mjini Boulder, katika jimbo la Colorado, Marekani, kutazama timu yao ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Colorado ikicheza yenyewe kwa yenyewe. Siku ilikuwa ya baridi na theluji. Tiketi zilikuwa zimekwisha zote, na televisheni ya ESPN ikairusha mechi moja kwa moja. Mwaka mmoja nyuma, mechi ya aina hiyohiyo katika uwanja huohuo haikupata hata watazamaji elfu mbili, na timu ikaenda kumaliza msimu wa 2022 kwa ushindi mmoja na vipigo 11.

Kilichobadilika ni kocha. Deion Sanders, mmoja wa mabeki bora waliowahi kuonekana katika NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, alikabidhiwa timu Desemba 2022. Alikuja na mwanawe Shedeur, ambaye ni kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira mwanzoni mwa kila jaribio na kuamua aupeleke wapi. Alikuja pia na Travis Hunter, kijana ambaye katika mechi moja alikuwa akishambulia na kulinda. Mashabiki waliokuwa wameizoea aibu walipata kitu cha kujivunia kabla hata ligi haijaanza. Tiketi za msimu mzima zikaisha, jambo ambalo Boulder haikuwa imeliona tangu 1996.

Naichambua mechi ile kwa sababu takwimu zake zilikuwa za kweli, lakini picha waliyoondoka nayo watu ilikuwa nusu. Nusu ya pili haikufichwa kwa hila. Kanuni za mechi zenyewe ndizo zilizoifanya isionekane.

Katika futiboli ya vyuo vya Marekani, ligi huchezwa kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi majira ya baridi. Majira ya machipuko, kati ya Machi na Aprili, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, huruhusu timu mazoezi 15 tu. Kati ya hayo, yanayoruhusiwa kuhusisha kuangushana chini hayazidi manane. Kwa vyuo vingi zoezi la mwisho huwa mechi ya hadhara: kikosi hugawanywa mara mbili, waamuzi huvaa sare zao, bendi hupiga, watoto hupata saini za wachezaji. Kocha naye hupata nafasi ya kuwaonyesha vijana wa sekondari anaowawinda kwamba hapa kuna watu.

Sasa tuzitazame takwimu. Shedeur Sanders alipiga pasi 19, zikafika 16, kwa yadi 234 na tachidauni moja, yaani bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja. Tachidauni hiyo ilikuwa ya yadi 98, karibu uwanja mzima, na aliyeipokea ni Montana Lemonious-Craig, mpokeaji aliyekuwepo Boulder kabla Sanders hajafika. Lemonious-Craig alimaliza siku akiwa na yadi 154. Ukimpa mtu karatasi ile bila kumweleza chochote, atakwambia kwotabeki ni hodari na mpokeaji wa kwanza wa timu amepatikana. La kwanza lilikuwa kweli. La pili halikudumu wiki moja.

Nianze na Shedeur. Usahihi wa pasi ni jambo ambalo mechi ya majaribio inaweza kulionyesha vizuri. Mpira kutoka mkononi mwa kwotabeki hadi kifuani mwa mpokeaji anayekimbia unahitaji jicho, muda na mkono, na vitu hivyo havibadiliki kwa kuwa mpinzani ni mwenzako wa bwenini. Waliosema mbele za watu kwamba kijana yule anapiga pasi safi hawakukosea. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo, Colorado ilikwenda Fort Worth kucheza na TCU, timu iliyokuwa imefika fainali ya taifa msimu uliotangulia. Karibu kila mtu aliipa TCU ushindi mkubwa. Colorado ilishinda 45 kwa 42, Shedeur akapiga pasi za yadi 510, na Hunter akadaka pasi 11 kisha akaiba moja ya wapinzani. Yale ya Aprili yalithibitika Septemba, mbele ya adui wa kweli.

Tatizo lilikuwa mbele ya Shedeur. Katika kila jaribio kwotabeki hulindwa na majitu matano, ukuta wa mbele, ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie kwa sekunde mbili na nusu au tatu. Akifikiwa akiwa bado na mpira, anaangushwa palepale, timu inapoteza yadi na jaribio moja kati ya manne. Ukuta ukiwa dhaifu, mkono mzuri haufai kitu.

Tazama kwa karibu kinachotokea katika mechi ya machipuko. Kwotabeki huvaa jezi ya rangi tofauti na wenzake, au hutangazwa tu kwamba haguswi. Mpira unarushwa nyuma, mlinzi wa pembeni kushoto anarudi hatua mbili, mikono mbele, na mshambuliaji wa ukuta anakuja akizunguka bega lake la nje. Amemshinda. Amebakiza hatua mbili kumfikia Shedeur. Hapo anapunguza mwendo. Ameagizwa hivyo: mtu anayemvunja kwotabeki wa timu yake mwezi wa nne hana pa kujificha chuoni. Ananyoosha mkono, labda anamgusa begani, labda anapita pembeni. Mwamuzi anatakiwa kukisia kama huyu angeangushwa au la, na mara nyingi filimbi inachelewa au hailii kabisa. Mpira unaondoka, pasi inafika, uwanja unalipuka kwa shangwe. Katika karatasi ya takwimu jaribio lile limeandikwa kuwa pasi iliyofika ya yadi 20. Septemba lingeandikwa kuwa kwotabeki kaangushwa, yadi nane zimepotea.

Kuna jambo la pili ndani ya hilo, nalo hutajwa kwa nadra. Kwotabeki mwenyewe anajua haguswi, kwa hiyo haharakishi. Anaushika mpira kwa sekunde ya ziada akisubiri mpokeaji wa mbali afunguke, na sekunde ile inalipa. Wiki baada ya wiki ya mazoezi ya namna hiyo inajenga mazoea. Shedeur amelaumiwa mara nyingi kwa kuushika mpira kupita kiasi, na kwa maoni yangu lawama hiyo ina ukweli, ingawa haiwezi kuusafisha ukuta uliokuwa mbele yake.

Tatu, safu ya ulinzi huwa imefungwa mikono. Mechi inaonyeshwa kwenye televisheni, na makocha wa TCU, Nebraska na Oregon, wapinzani wa msimu ule, wanaitazama kama mimi na wewe. Kocha mwenye akili hawaonyeshi namna anavyopanga mashambulizi ya ghafla, yale ambapo mabeki wa nyuma huvamia pamoja na watu wa mbele kumchanganya kwotabeki. Ulinzi husimama katika mpango mmoja au miwili ya kawaida jaribio baada ya jaribio. Kwa hiyo zile pasi 16 kati ya 19 zilifika dhidi ya watu waliosimama pale Shedeur alipojua watakuwapo.

Msimu ulipoanza, kile ambacho Aprili haikuweza kukionyesha kilijitokeza haraka. Nebraska walifungwa 36 kwa 14, lakini ndani ya kipigo hicho walimwangusha kwotabeki mara nane. Oregon walishinda 42 kwa 6 na ukuta wa Colorado ukapasuka kuanzia robo ya kwanza. Hadi msimu unakwisha, timu ilikuwa imeruhusu makwotabeki wake kuangushwa mara 56, na 52 kati ya hizo ni Shedeur mwenyewe. Aliumia mgongo, akakosa mechi ya mwisho dhidi ya Utah. Mbio za mpira mkononi, ambazo nazo hutegemea ukuta huohuo kufungua njia, zilikuwa yadi 68.9 kwa mechi, za mwisho kabisa katika daraja la juu la vyuo. Timu iliyoanza kwa ushindi mara tatu ilimaliza na ushindi mara nne na vipigo vinane.

Je, shabiki aliyekaa jukwaani Aprili angeweza kuliona hili? Kwa kiasi, ndiyo, ingawa kwa kuacha kufuata mpira. Mbio za katikati ndizo zenye ushahidi wa haki zaidi, maana pale hakuna jezi ya kulindwa: watu wa ukuta wanasukumana kweli, na mkimbiaji anakabwa kweli pale kocha aliporuhusu kuangushana. Ukiona jaribio la yadi mbili linahitajika na ukuta wa kwanza unarudishwa nyuma na walinzi wa akiba, huhitaji mchambuzi akueleze. Angalia miguu ya yule wa pembeni kushoto kabla ya kuangalia pasi ilikokwenda. Angalia kama anarudi akiwa amesimama wima au ameinama, na mkono wa nani unagusa kifua cha mwenzake kwanza. Wanaopiga mpira kwa mguu kulenga goli nao waangalie: umbali, upepo na macho ya watu elfu 40 ni yaleyale ya Oktoba.

Hata hivyo kuna kikomo ambacho jicho kali haliwezi kukivuka. Timu inapocheza na yenyewe, kila sifa ina lawama yake ndani ya jezi hiyohiyo. Pasi ya yadi 98 inakwambia mpokeaji ana mbio. Inakwambia pia kwamba mabeki wa timu yako waliachwa kwa karibu uwanja mzima. Lipi kati ya hayo mawili ndilo zito, mechi ile haina kipimo cha kukuonyesha. Makocha wanajua zaidi kwa sababu wana video za mazoezi yote 15. Shabiki ana siku moja.

Na Boulder mwaka ule kulikuwa na shida nyingine kubwa kuliko zote. Siku mbili baada ya mechi, Montana Lemonious-Craig, nyota wa siku, aliingiza jina lake katika orodha ya wanaotaka kuhama, na akaishia Arizona. Wengine wengi walimfuata ndani ya siku chache. Sanders hakuwa ameficha nia yake. Tangu kikao chake cha kwanza na wachezaji, Desemba, aliwaambia kwamba anakuja na watu wake na kuwahimiza wahame. Wakati huo kulikuwa na dirisha la uhamisho la machipuko, lililowekwa karibu kabisa na mechi hizi, na Sanders akalitumia kuliko kocha mwingine yeyote. Kati ya wachezaji wenye ufadhili wa masomo waliokuwa katika kikosi cha 2022, waliovaa jezi Septemba walikuwa takriban 10 tu. Kwa maneno mengine, watu 47,277 walitazama pambano kati ya vikosi viwili ambavyo vyote viwili havikuwapo kama vilivyokuwa msimu ulipoanza. Kwa vijana wengi waliokuwa uwanjani lilikuwa jaribio la kazi lililokwisha kuamuliwa, na huruma yangu iko kwao zaidi kuliko kwa shabiki aliyelipa tiketi.

Dirisha hilo ndilo lililokaribia kuziua mechi hizi. Mwaka 2025 Matt Rhule, kocha wa Nebraska, aliifuta ya kwake akieleza kwamba kuwaweka wachezaji wako kwenye televisheni ni kuwatangaza kwa wanunuzi, yaani vyuo vinavyotaka kuwachukua, na vyuo vingine kadhaa vikafanya hivyo au kugeuza siku ile kuwa mazoezi ya kawaida na michezo ya mashabiki. Nebraska ndiko ambako mwaka 2013 mtoto wa miaka saba, Jack Hoffman, aliyekuwa akiugua saratani ya ubongo, alipewa mpira katika mechi hiyohiyo akakimbia yadi 69 hadi tachidauni huku timu zote mbili zikimshangilia. Anayeifuta mechi hafuti takwimu tu.

Sanders mwenyewe alikuja na wazo tofauti mwaka huohuo wa 2025: afanye mazoezi kwa siku kadhaa na chuo kingine, kisha wacheze mechi ya machipuko pamoja. Fran Brown, kocha wa Syracuse, alikubali hadharani kwamba angepeleka vijana wake Boulder. Kamati ya NCAA ilikataa. Kiufundi Sanders alikuwa sahihi, na nasema hivyo nikijua alichofanya 2023. Mbele ya mpinzani wa nje, hata kama kwotabeki haguswi, walau unajua lawama ni ya nani. Ukuta ukisukumwa na watu wa Syracuse, umesukumwa. NCAA iliogopa kupoteza usawa kati ya vyuo, lakini timu za NFL hufanya mazoezi ya pamoja kila Agosti, na makocha wake wengi wanayathamini kuliko mechi za kirafiki zenyewe.

Dirisha la uhamisho la machipuko limefutwa kuanzia 2026. Sasa kuna moja tu, la Januari. Hiyo ina maana mpokeaji utakayemwona Aprili akikimbia yadi 98 ana nafasi kubwa ya kuwa ndiye atakayekuwapo Septemba, na orodha ya majina unayoondoka nayo uwanjani ina thamani ambayo mashabiki wa Boulder hawakuipata. Jezi ya kwotabeki bado haiguswi. Ukipata nafasi ya kuitazama mechi ya namna hii, tumia robo nzima ya kwanza kuwatazama wale watano wa mbele, na mpira uachie wengine.