Mshono wa Satoshi Kon

Mama yangu hanunui nguo kabla hajaigeuza ndani nje. Rangi na maua ni baadaye. Kwanza hupitisha kidole gumba juu ya mshono, akauvuta kidogo kuona kama uzi umeshika, ndipo anauliza bei. Ndivyo nilivyoitazama Perfect Blue safari hii: usiku, kwenye kompyuta ya mapajani, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha picha. Mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, niliitazama kama mtazamaji yeyote na ikanitia woga hadi nikalala na taa ya ukumbini ikiwaka. Sasa nilitaka kujua imeshonwaje.

Ni filamu ya katuni ya dakika 81, kazi ya studio ya Madhouse ya Japani. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Agosti 1997 katika tamasha la Fantasia mjini Montreal, kisha ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Japani Februari 1998. Mwongozaji wake, Satoshi Kon, hakuwa amewahi kuongoza filamu. Alikuwa mchoraji wa manga aliyekwisha kuandika skripti ya Magnetic Rose, mojawapo ya hadithi tatu za filamu ya Memories ya 1995. Chanzo ni riwaya ya Yoshikazu Takeuchi, na mpango wa awali ulikuwa kuiigiza kwa watu halisi na kuiuza kwenye kanda za video. Tetemeko la ardhi la Kobe la Januari 1995 likaharibu studio ya mpango huo, bajeti ikapungua, kazi ikahamia kwenye katuni. Kon akapewa ruhusa ya kuibadilisha hadithi apendavyo, almuradi abakize vitu vitatu: msichana nyota, shabiki wake, na hofu. Yeye na mwandishi wa skripti, Sadayuki Murai, wakaanza hapo.

Msichana huyo ni Mima Kirigoe, mmoja wa waimbaji watatu wa kundi linaloitwa CHAM!. Wajapani wana neno la kazi yake: aidoru, binti anayelipwa kuimba, kucheza, kutabasamu, na zaidi ya yote kubaki msafi machoni pa wanaomshabikia. Mawakala wake wanaona muziki hauna faida tena. Anaaga jukwaa na kwenda kuigiza katika tamthilia ya televisheni iitwayo Double Bind. Kuna shabiki ambaye hawezi kulimeza jambo hilo. Kisha watu waliohusika na safari mpya ya Mima wanaanza kuuawa, mmoja baada ya mwingine, kwa chuma chenye ncha.

Mapema kabisa, katika onyesho la kuaga, kuna picha moja ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko zote. Shabiki yule amesimama mbali na jukwaa, amevaa sare ya mlinzi, nywele zimemfunika uso. Anakiinua kiganja mbele ya jicho lake. Kamera inaingia nyuma ya jicho hilo, nasi tunaona anachokiona: Mima, mdogo kama kidole, anacheza juu ya kiganja. Hakuna neno linalosemwa. Msanii mwingine angempa mtu huyu hotuba ya wazimu au chumba kilichojaa picha ukutani, na picha ukutani Kon naye anazo, lakini baadaye. Kwanza anatupa kiganja. Sekunde chache tu, na tayari tumejua mtu huyu anaamini anammiliki nani. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba tumelijua tukiwa ndani ya jicho lake. Tumemshika Mima mkononi sisi wenyewe.

Katika onyesho hilohilo ndipo mshono wa kwanza ulipo. Mima yuko jukwaani, anaimba na kugeuka. Mwendo alioanzia jukwaani unamalizikia kwenye maisha yake ya kawaida: ndani ya treni, akitazama sura yake kwenye dirisha, au supamaketi akichukua vitu rafuni. Kisha tunarudi jukwaani, kisha nje tena. Hatuambiwi kama safari ile ya treni ilikuwa kabla au baada ya onyesho, na kwa wakati huo hatujali, kwa sababu mwili wa Mima unatuvusha. Ukiisimamisha filamu pale picha mbili zinapokutana, utaona kwamba kilichoziunga ni kitu kidogo sana: pembe ya shingo, uelekeo wa macho, mahali mkono ulipo kwenye fremu. Jicho linafuata umbo, likishafuata linavuka, na linapogutuka kwamba mahali pamebadilika limeshachelewa.

Robo saa ya mwanzo inatumia maungio haya kwa upole, kutuonyesha binti mwenye maisha mawili. Tunayazoea. Tunaona ni namna ya kusimulia tu, ya kupendeza, ya haraka. Kumbe tunafundishwa. Mishono ileile itakaporudi katika nusu ya pili, ikiunga ndoto na maisha ya kweli, ikiunga tamthilia na mauaji, hatutakuwa na kinga, maana tulikwisha kubali kuvushwa bila kuuliza.

Hapa ndipo ninapoona kwa nini tetemeko lile, pamoja na msiba wote lililouleta, liliisukuma hadithi hii kwenye mikono iliyoifaa. Filamu ya watu halisi ikitaka kuonyesha njozi, njozi huwa na ngozi yake: ukungu, mwanga wa ajabu, sauti ya mwangwi. Katika katuni ya zama zile kila kitu kilichorwa na kupakwa rangi kwa mkono, kikapigwa picha fremu kwa fremu. Kikombe cha chai ambacho Mima anacho kweli na kikombe anachokiota vilitoka kwenye mkono uleule, rangi ileile, unene uleule wa mstari. Kon alilielewa hilo kuliko yeyote niliyewahi kumtazama. Akakataa kutia alama yoyote. Mzuka wa Mima, yule Mima mwingine aliyevaa gauni la jukwaani na kucheka, anaruka kutoka nguzo moja ya taa hadi nyingine kama mpira mwepesi, na bado amechorwa kwa uhakika uleule wa mtu anayesubiri basi.

Sehemu ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya kuamka. Mima anaamka kitandani. Chumba kilekile kidogo, tangi la vijisamaki vyake lilelile. Anaenda kazini, jambo la kutisha linatokea, anaamka kitandani. Anaenda kazini tena. Linatokea lingine. Anaamka. Ukihesabu utaona karibu picha zilezile zimerudiwa, na mwenye haraka atasema ni njia ya kubana bajeti. Mimi nimezitazama zikifuatana, nikirudisha nyuma, na nimegundua kwamba kila mara Kon ananyang'anya kitu. Kuamka kwa kwanza ni nafuu: alhamdulillahi, ilikuwa ndoto. Kuamka kwa pili ni nafuu yenye shaka. Kwa tatu, kitanda chenyewe kimekuwa mahali pa kuogofya. Chumba cha kulala cha binti, pasipo kuongezwa giza wala muziki, kinageuka mtego kwa kurudiwa tu.

Na katikati ya hayo kuna sauti ya mwongozaji wa Double Bind, inayokatisha. Mima anahojiwa na daktari wa akili, anajibu kwa sauti inayotetemeka, tunaamini kwamba hatimaye amepata msaada. Kisha tunasikia amri ya kukata, kamera inarudi nyuma, na kumbe tulikuwa seti. Muigizaji au mgonjwa? Kon anatunga swali hilo kwa kuchagua tu ni wakati gani atuonyeshe ukingo wa seti.

Lazima niseme juu ya tukio la ubakaji, kwa sababu wengi hulikwepa au hulitaja kwa pupa. Ni tukio la ndani ya tamthilia: mhusika anayeigizwa na Mima anashambuliwa mbele ya umati katika klabu ya usiku. Linachukua muda mrefu na linaumiza kulitazama. Lakini katikati yake upigaji picha unasimama ili mambo yapangwe upya. Wote wanabaki walipo. Kijana aliyemlalia anamwomba radhi kwa sauti ya chini, na Mima anamjibu kwamba hakuna neno. Taa zinawekwa sawa. Kisha wanaanza tena, anapiga mayowe tena, na mayowe yale ni ya kweli au si ya kweli, sijui, na nadhani yeye pia hajui. Ule utulivu wa sekunde kadhaa, wa watu wawili wenye adabu ndani ya kazi isiyo na adabu, unaniambia juu ya biashara hii zaidi ya ukatili wote unaouzunguka. Fundi anayejua kuweka kituo mahali pale si wa kawaida.

Mauaji nayo yana ufundi wake. Filamu za muuaji na kisu huwa na desturi yao: mwathirika anakuwa peke yake, kuna kimya, kisha kuna mshtuko. Kon anaifuata desturi hiyo katika maegesho ya magari, pale mwandishi wa skripti ya Double Bind anaposikia wimbo mchangamfu wa CHAM! ukimjia kutoka kwenye lifti. Huo ndio mtisho wote: wimbo wa kuchezea watoto mahali pasipo na mtoto. Lakini mpigapicha aliyempiga Mima picha za utupu anapouawa, desturi inavunjwa. Tunaonyeshwa uso wa mshambuliaji, mchana kweupe wa mchoro, na uso huo ni wa Mima. Kisha anaamka kitandani. Na kabatini kuna nguo zenye damu. Katika filamu nyingine za aina hii tunajiuliza nani ameshika kisu na nani atafuata. Hapa tunamhofia msichana na wakati huohuo tunamwogopa yeye, na mikono hiyo miwili ya hofu inavutana hadi mwisho. Sitamtaja muuaji. Anayestahili kufika pale ni mtazamaji mwenyewe.

Jambo moja dogo limekua na umri. Mima hajui intaneti. Ni 1997, anaelekezwa namna ya kuitumia kompyuta kama mtu anayefundishwa kuwasha jiko. Anakuta tovuti yenye jina la chumba chake, shajara iliyoandikwa kwa jina lake. Mwanzoni anacheka. Halafu anasoma ni mguu upi aliotangulia nao kushuka treni. Ni maziwa gani aliyonunua. Kicheko kinakatika. Kon hakuchagua siri kubwa, kwa kuwa siri kubwa mtu yeyote anaweza kuibuni. Alichagua mguu na maziwa, vitu ambavyo hata Mima mwenyewe alikuwa havijui mpaka alipovisoma. Tangu hapo shajara ile inamjua kuliko anavyojijua, na inapoanza kusema kwamba hataki kuigiza, kwamba analazimishwa, yeye mwenyewe anasita.

Filamu ina dosari, nami sitazifunika. Zipo picha ambamo watu wa nyuma wamesimama kama sanamu kwa sababu hela hazikutosha kuwachora wakitembea. Maelezo ya mwisho yanakuja kwa kasi kubwa kuliko subira iliyoyatangulia. Lakini hata umaskini ule wa mwendo unasaidia mara nyingine. Mji unakuwa mkimya mno, na Mima ndiye pekee anayesogea.

Kisha ni ule ufukuzanaji wa usiku. Mima anakimbia barabarani na yule mwingine, wa gauni la jukwaani, anamfuata akirukaruka, hana jasho, hana uzito, miguu haigusi chini. Wanapita kando ya vioo vya maduka. Angalia vioo. Huko ndani, kwa hatua zilezile, anakimbia mtu mwenye mwili mzito, anahema, mdomo wazi, gauni limembana. Picha mbili za mtu mmoja ziko kwenye fremu moja: juu ya lami yule anayejidhania, kwenye kioo yule aliye. Mchoraji alilazimika kuchora miendo miwili tofauti kwa tukio moja, mmoja wa manyoya na mwingine wa mfupa na nyama, na kuilinganisha hatua kwa hatua. Nilipoipunguza kasi niliona kwamba haipishani popote. Huu ni mshono ulioachwa wazi kwa makusudi, baada ya saa nzima ya kufichwa.

Kon alitengeneza filamu nyingine tatu ndefu, Millennium Actress, Tokyo Godfathers na Paprika, pamoja na mfululizo wa televisheni wa Paranoia Agent. Alifariki dunia tarehe 24 Agosti 2010 kwa saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka 46, na filamu aliyokuwa akiitengeneza haikumalizika. Wengine wamejifunza kwake waziwazi: picha ya Mima aliyeinama ndani ya maji ya bafu na kupiga kelele zisizosikika inaonekana tena, karibu mstari kwa mstari, katika Requiem for a Dream ya Darren Aronofsky ya mwaka 2000.

Nilifika mwisho karibu na alfajiri. Mima, sasa mwigizaji mwenye jina, anaingia kwenye gari lake. Nje kuna watu waliokuwa wakinong'onezana kama kweli ni yeye. Anavua miwani ya jua na kutujibu kwamba ni yeye halisi. Lakini Kon hakumchora akitugeukia. Amemweka kwenye kioo kidogo cha dereva, na kwa dakika themanini hakuna kioo ndani ya filamu hii ambacho nimeweza kukiamini. Nikabonyeza kitufe, picha ikasimama: macho mawili, tabasamu, na ukingo wa kioo ukizunguka yote. Nilikaa nayo hivyo mpaka skrini ikajizima.